Kula Kabla Hamu Haijarudi

Nilipopanda kwenye mizani ya kliniki siku niliyoanzishiwa dawa za kifua kikuu, mshale ulisimama kwenye kilo 47, ilhali miezi 5 kabla ya hapo nilikuwa na kilo 60 kamili. Kikohozi ndicho kilichonipeleka kupimwa makohozi, lakini nikikumbuka vizuri naona kwamba hamu ya kula iliniaga mapema zaidi, kabla hata sijaanza kukohoa usiku, nami nikasingizia joto la Tanga la mwezi Februari na wingi wa madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nikisahihisha. Ugali ulizunguka mdomoni bila kupata njia ya kuteremka, chai ilikuwa chungu hata ikitiwa vijiko 3 vya sukari, na jioni mama alipokaanga vitunguu nilihamia barazani, kwa sababu harufu ile iliyokuwa ikinivuta jikoni tangu utotoni sasa ilinifukuza.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa na subira ya kueleza. Alisema kwamba mwili unapopambana na vijidudu hutoa kemikali za kinga, na kemikali hizo hufika hadi kwenye ubongo zikapunguza hisia ya njaa, zikaleta homa na kuifanya misuli iyeyuke. Juu ya hilo zinakuja dawa zenyewe, ambazo katika miezi 2 ya kwanza huwa za aina 4 ndani ya kidonge kimoja, kisha aina 2 kwa miezi 4 inayofuata, na tumbo la mtu aliyedhoofika huzipokea kwa kichefuchefu. Idadi ya vidonge hufuata uzito. Mimi niliangukia kundi la kilo 40 hadi 54, nikapewa vidonge 3 kwa siku. Maelezo hayo yalinipa nafuu kubwa, kwa maana nyumbani walikuwa wameanza kuamini kwamba nimekata tamaa ya kuishi, na mama alikuwa akiniambia kwa sauti ya kulia, "Mwanangu, jitahidi japo matonge mawili," nami nikijiona mkosaji kwa kumnyima matonge hayo mawili.

Sasa nieleze habari ya sinia, ambayo ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Kwetu chakula cha jioni huliwa pamoja katika sinia moja. Majibu yalipotoka, ndugu mmoja aliyekuwa na nia njema alishauri nitengewe sahani, kikombe na kijiko changu, na kwa siku 9 nilikula peke yangu chumbani, nikisikia wenzangu wakizungumza ukumbini. Kile kidogo nilichokuwa nikila kikapungua tena, kwa sababu mtu asiye na hamu humeza tonge kwa kusaidiwa na mazungumzo, na nilipoachwa na sahani tu nilikuwa ninaitazama hadi mchuzi unaganda. Muuguzi aliposikia alimwita mama kliniki akamfafanulia kwamba kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, na wala hakiambukizwi kwa sahani, kikombe au kijiko. Lililotakiwa ni madirisha kubaki wazi, mimi kufunika mdomo ninapokohoa, na dawa kutokatizwa hata siku moja.

Nilirudi kwenye sinia kwa furaha, lakini hapo nikagundua jambo ambalo sijamweleza mama hadi leo. Kwenye sinia hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake. Nilichovya, nikatafuna polepole, nikasifu mchuzi, nikawasogezea watoto wa dada minofu ya samaki, na wote wakaamini kwamba nimekula, kumbe nimekula kiasi cha kumshibisha kuku. Baada ya wiki 2 mizani haikudanganyika: ilionyesha kilo 46 na nusu.

Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza nilikuwa nakula saa ngapi, nikamjibu kwamba nilikuwa nasubiri nisikie njaa. "Mwalimu, usiisubiri," akasema. "Kula kwa saa, kama unavyomeza dawa kwa saa." Nilipofika nyumbani nilichora jedwali katika daftari, kama lile la mahudhurio ya wanafunzi, nikaweka nafasi 5 kwa siku: saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7, saa 10 na saa 1 usiku, na kengele ya simu ikawa inalia kila wakati ulipofika. Sinia la usiku likabaki kuwa langu na la familia, bila kuhesabiwa. Zile nafasi 4 za mchana nilikula kwa kipimo cha kikombe kimoja cha bati chenye ujazo wa robo lita, na kilipokuwa kitupu niliweka alama. Nilichagua kikombe kwa makusudi, kwa kuwa mbele ya sahani iliyojaa nilikuwa ninashiba kwa macho kabla ya kunawa mikono.

Kwa kuwa kikombe ni kidogo, kilichomo kilipaswa kuwa na nguvu. Gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9, wakati gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, kwa hiyo uji mwembamba wa maji na sukari ni kupoteza nafasi tumboni. Uji wangu wa ulezi ulipikwa kwa maziwa, ukatiwa kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa laini na kijiko cha tui zito. Majirani walituletea unga wa lishe uliochanganywa nafaka na kunde za kila aina, nami nawashukuru kwa moyo wao, lakini ulikuwa mzito na ulinijaza gesi, na kwa maoni yangu mchanganyiko wa vitu vichache vinavyoeleweka humfaa mgonjwa zaidi. Saa 4 nilikula yai la kuchemsha na tende. Saa 10 mtindi uliopoa au parachichi lililokamuliwa ndimu. Maji niliyanywa baina ya milo, kwa sababu nikiyatanguliza yalikuwa yanakula nafasi ya chakula.

Vyakula vilivyopoa vilipita kwa urahisi kuliko vya moto, kwani mvuke ndio unaobeba harufu. Ndimu na kipande cha achari viliamsha mate. Dawa hunywewa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, nami nilikuwa nazimeza alfajiri, kichefuchefu kikatawala hadi adhuhuri. Kwa ruhusa ya muuguzi nikazihamishia usiku, baada ya kupita muda wa saa mbili tangu kula, kichefuchefu hicho kikawa kinanipita usingizini na asubuhi yangu ikarudi mikononi mwangu.

Kuna jioni moja mama alipata jodari, akampika kwa nazi, nami nikala vipande viwili kwa juhudi. Haikupita nusu saa uso ukawaka moto, kichwa kikagonga na moyo ukaenda mbio. Kliniki walinieleza kwamba isoniazidi, mojawapo ya dawa zangu, huzuia mwili kuvunjavunja histamini, kemikali inayoleta dalili kama zile, ambayo huwa nyingi katika samaki kama jodari na vibua, hasa wakikaa muda bila barafu. Inanisikitisha kwamba watu wa pwani hatuambiwi hili siku ya kwanza, kwa maana mgonjwa anayepatwa na hali kama ile baada ya kujilazimisha kula huogopa chakula chote. Tangu hapo tulinunua samaki aina ya changu aliyevuliwa siku hiyohiyo.

Ninayemwandikia zaidi ni yule aliye katikati ya dozi. Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa kwa sababu ya rifampisini, dawa nyingine kati ya hizo, hauna tatizo. Lakini macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, ukatapika mfululizo au ukaumwa chini ya mbavu za kulia, hapo usijilazimishe kula na usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ini linaumizwa na dawa.

Njaa ya kweli ilinirudia wiki ya 7. Nilikuwa barazani, jirani akichoma muhogo, na nikajikuta nimesimama bila kengele kulia. Nilikula kipande kizima kwa chumvi na pilipili, na sikukiandika kwenye daftari.

Mwezi wa 5 mshale ulipita kilo 55, nikahamia kundi jingine, na muuguzi akaniongezea kidonge cha 4. Mama alipoviona vidonge aliingiwa na hofu, akidhani ugonjwa umezidi. Nilipomweleza kwamba dawa imefuata uzito, alivimwaga kiganjani mwake, akavihesabu kimoja kimoja mara mbili, kisha akanirudishia na kwenda jikoni kupakua.