Gundi kwenye miplamu: nilivyoidhibiti shambani Lushoto

Shina la mplamu likitoa gundi ya kahawia, huku kwetu Lushoto wengi husema ni wadudu, na dawa inanunuliwa siku hiyohiyo. Mimi kwanza nachukua kisu. Mdudu akitoboa shina, gundi hutoka na unga wa mbao. Kwangu ilikuwa safi, inang'aa, na gome la pembeni limebonyea. Nilipolikwangua, ndani palikuwa kahawia badala ya kijani, vidoa vyekundu-kahawia vimetangulia hadi kwenye gome ambalo bado halijaugua, na harufu imechacha kama togwa iliyolala.

Bwana shamba alinusa, akatikisa kichwa. "Hii bakteria, mama. Dawa ya wadudu hapo unamwaga hela."

Bakteria huyo, Pseudomonas syringae, hupenda baridi na unyevu. Huingilia kwenye vidonda na kwenye makovu ya majani yaliyopukutika. Sasa fikiria desturi yetu ya kupogoa Juni na Julai, ukungu umetanda na matawi yanachuruzika maji! Tunamfungulia mlango wenyewe.

Nilihamishia kupogoa baada ya mavuno, Januari kwenda Februari, jua likiwa kali na kidonda kinakauka upesi. Kuliko dawa yoyote, naamini hilo ndilo lililosaidia. Tawi gonjwa nalikata chini kabisa ya sehemu yenye kahawia, hadi nione mti msafi, kisha nalichoma. Msumeno naupangusa kwa spiriti kila nikihama mti. Vijana wa kibarua hununa, lakini ndiyo masharti. Mti mmoja kidonda kilikuwa kimezunguka shina lote. Huo niling'oa.

Majani yakianza kupukutika napuliza mrututu (chumvi ya shaba ya rangi ya buluu) na chokaa, na narudia kabla macho ya matawi, yanayotoa machipukizi, hayajafunguka. Gramu 100 za mrututu, gramu 100 za chokaa iliyozimwa, lita 10 za maji. Tumia ndoo ya plastiki, maana mrututu hula chuma, na mchanganyiko uishe siku hiyohiyo. Shaba hiyo huua bakteria walio nje tu. Kidonda kilichokwisha kuingia ndani haikiponyi. Tena usiipulizie mipichi ikiwa na majani: yataungua, yatoboke matundu, halafu uanze kutafuta ugonjwa mwingine ambao haupo.