Mikono ya Musa na Jezi Nyekundu za Munster

Masomo ya kutafakari wiki hii: Kutoka 17:8-13, Yohana 15:9-17, Kumbukumbu la Torati 9:20

Wapendwa, amani ya Kristo iwe nanyi.

Bondeni kule Refidimu, Yoshua anapigana na Amaleki. Juu kilimani wapo wazee watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyeshika upanga. Ukiisoma sura hii harakaharaka utawaona kama watazamaji tu. Lakini Maandiko yanasema wazi kwamba Musa alipoinua mkono wake Israeli walishinda, na alipoushusha Amaleki walishinda. Mikono ya mzee ikawa mizito. Basi wakatafuta jiwe, wakamkalisha, kisha Haruni na Huri wakaitegemeza mikono yake, mmoja upande huu na mmoja upande huu, mpaka jua likachwa.

Kuna jambo hapa ambalo mahubiri mengi hulipita. Haruni ni kaka yake Musa. Huri hatuelezwi ni nani katika sura hii, ila Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba alikuwa mume wa Miriamu, dada yao. Ikiwa ndivyo, waliokuwa kilimani siku ile ni mtu, kaka yake na shemeji yake. Ilikuwa familia imekaa pamoja kuwaangalia vijana wake wakihangaika bondeni.

Nataka tukae nao hapo kilimani, na nitawapitisha njia ambayo huenda wengine wataiona ya ajabu: raga ya mikoa, nchini Ayalandi. Si mbali nasi kama mnavyodhani. Wengi wetu tulifundishwa katekisimu na mapadre na masista kutoka nchi hiyo, na shule kama St. Mary's ya Nairobi, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1939, mpaka leo inacheza mpira huo wenye umbo la yai. Ayalandi ina mikoa minne ya kale, na kila mkoa una timu yake. Munster ni mkoa wa kusini-magharibi, wenye kaunti sita: Cork, Kerry, Limerick, Clare, Tipperary na Waterford. Jezi yao ni nyekundu, na mtu haichagui. Anazaliwa anaikuta nyumbani.

Tarehe 31 Oktoba 1978, siku ya Jumanne, Munster waliwafunga All Blacks wa New Zealand 12-0 katika uwanja wa Thomond Park, mjini Limerick. Hakuna timu ya Ayalandi iliyokuwa imewahi kuwashinda New Zealand kabla ya siku hiyo. Nahodha alikuwa Donal Canniffe. Baba yake alikuwa Cork akiusikiliza mchezo redioni, na humo humo katika kusikiliza moyo ukamshika, akafariki. Mwana alitoka uwanjani na ushindi mkubwa kuliko wote wa timu yake, akapokea habari ya msiba. Mtume Paulo anapotuambia tufurahi pamoja nao wafurahio na tulie pamoja nao waliao, sisi huwa tunawaza watu wawili tofauti, nyumba mbili tofauti. Siku ile aliyefurahi na aliyelia alikuwa mtu mmoja, na waliomkumbatia kwa furaha ndio waliopaswa kumkumbatia tena kwa pole.

Katika kikosi kile alikuwemo pia Brendan Foley. Mwanawe, Anthony, alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Miaka 28 baadaye, Anthony ndiye aliyekuwa nahodha wa Munster katika fainali ya Kombe la Heineken, ubingwa wa klabu za Ulaya.

Kufika hapo hakukuwa rahisi. Fainali ya mwaka 2000 walishindwa na Northampton kwa alama moja, 9-8. Ronan O'Gara alipiga penalti mwishoni ambayo ingewapa kombe, mpira ukapita pembeni. Mwaka 2002 wakashindwa tena, 15-9, mbele ya Leicester. Nadhani kila aliyewahi kushabikia timu anajua uzito wa safari ya kurudi nyumbani baada ya fainali ya namna hiyo. Ndani ya gari hakuna anayetaka kuongea, watoto wamelala na jezi zao, mjomba anaendesha akiwa amekunja uso. Lakini fainali ya tatu ilipowadia, watu wale wale wakaenda, tena wakiwa wengi zaidi. Mkono wa shabiki nao huwa mzito, lakini nani aliwahi kumtafutia jiwe la kukalia?

Jumamosi ya tarehe 20 Mei 2006, pale Cardiff, Munster walicheza na Biarritz wa Ufaransa. Biarritz wakatangulia mapema. Munster wakarudi. Peter Stringer, mchezaji mdogo kuliko wote kwa umbo, akachomoka pembeni ya skramu, lile songano la wachezaji wakisukumana, upande ambao hakuna aliyemtarajia, akafunga trai, yaani bao la raga. Kipindi cha pili Biarritz wakaanza kukaribia, alama kwa alama, na hofu ya miaka iliyopita ikaanza kurudi. Ndipo skrini kubwa ya uwanja ikaonyesha picha kutoka O'Connell Street, barabara kuu ya Limerick. Maelfu ya watu waliokosa tiketi walikuwa wamejaa mtaani, wazee kwa watoto, wote kwa nyekundu, wakiangalia mchezo huo huo kwenye skrini. Uwanja ukalipuka. Wachezaji wa siku ile wamesimulia mara nyingi jinsi picha hiyo ilivyowatia nguvu. Biarritz wakafika 20-19, kisha penalti ikapatikana, na aliyeipiga ni O'Gara yule yule wa mwaka 2000. Safari hii mpira ukapita katikati. Mchezo ukaisha 23-19, na Anthony Foley akainua kombe.

Watu wa O'Connell Street hawakugusa mpira. Hawakuwa hata katika nchi ile. Mtu mwenye akili za kuhesabu atauliza walichangia nini, na atataka aonyeshwe. Mimi sina cha kumwonyesha zaidi ya Musa na fimbo yake kilimani.

Kesho yake ilikuwa Dominika ya Sita ya Pasaka, Mwaka B wa masomo ya Kanisa. Wale waliorudi na wale waliobaki, wenye sauti zilizokauka kwa kupiga kelele, wakaenda Misa, na Injili iliyosomwa ilikuwa Yohana 15:9-17. Humo Bwana anawaambia wanafunzi kwamba amewaambia hayo ili furaha yake iwe ndani yao na furaha yao itimizwe. Sijui ni mapadre wangapi wa Munster waliojizuia kuitumia nafasi hiyo. Mimi nisingejizuia. Wapo wanaofundisha kwamba furaha ya dunia na furaha ya Kristo ni mafuta na maji. Lakini angalieni Bwana anaifundisha wapi furaha hiyo: mezani, katika karamu ya jioni, akiwa na watu aliokwisha kuwaita rafiki. Hakungoja wawe wakamilifu. Usiku ule ule walikuwa wataanza kumkimbia.

Sasa turudi kwetu. Ukoo mwingi siku hizi hukutana matangani. Tukitoka hapo, tunakutana kwenye kikao cha mchango wa hospitali. Watoto wa ndugu wawili wanajuana kwa sababu walipanga viti pamoja kwenye mazishi ya babu. Nasema hivi bila kuwalaumu waliozidiwa na kazi na nauli, lakini ni hatari, kwa sababu familia inayokutana kwa mambo mazito peke yake haina mahali ilipojifunza kubebana. Haruni na Huri hawakuanza kujuana na Musa siku mikono ilipochoka. Walijua ataketi vipi, walijua nani akae kulia na nani kushoto. Hayo hujifunzwa siku ambazo hakuna kikubwa: fainali kwenye televisheni, sufuria ya pilau, wajukuu wakigombania rimoti, na shemeji mmoja ambaye kila mwaka anashabikia timu pinzani ili tu kuwaudhi wakweze.

Kuhusu shemeji huyo: pale Thomond Park wana desturi. Mpigaji anapouweka mpira chini ili apige penalti, uwanja mzima hunyamaza kimya, hata awe ni mpinzani. Watu zaidi ya elfu ishirini, na unasikia upepo. Hawamtakii mema, wanamheshimu tu. Ningependa sana desturi hiyo ihamie kwenye vikao vyetu vya ukoo, hasa pale mkwe anapojaribu kutoa hoja.

Na msiniambie mkutano ni wa familia nzima wakati shangazi na mabinti wanaziona dakika zote themanini za mchezo kupitia mlango wa jikoni. Wanaume, pikeni kabla mchezo haujaanza, au pokezaneni. Kubeti nako kuacheni nje ya sebule hiyo. Kijana aliyeweka karo yake kwenye matokeo hawezi tena kufurahi na mtu wala kulia na mtu. Anafanya hesabu.

Tarehe 16 Oktoba 2016, Jumapili, Munster walikuwa Ufaransa wakingoja kucheza na Racing 92. Anthony Foley, ambaye sasa alikuwa mmoja wa makocha, alifariki usingizini hotelini, akiwa na umri wa miaka 42. Mchezo ukaahirishwa. Jumapili hiyo ilikuwa Dominika ya 29 ya Mwaka C. Anayetumia kalenda ya Kanisa afungue aangalie somo la kwanza la siku ile. Ni Kutoka 17:8-13. Makanisani kote Munster, asubuhi ambayo habari hiyo ilikuwa inaanza kuenea, msomaji alisimama akasoma habari za mtu ambaye mikono yake ilikuwa mizito, na ndugu zake wakaitegemeza.

Ijumaa wakamzika, huko Killaloe, kwenye kaunti ya Clare. Kesho yake, Jumamosi, Munster waliingia Thomond Park kucheza na Glasgow. Jezi namba 8, aliyoivaa Foley miaka yote, haikuvaliwa na mtu siku ile. Dakika za mwanzo tu mchezaji wao mmoja akapewa kadi nyekundu, wakabaki pungufu kwa muda uliosalia, na bado walishinda 38-17. Baada ya mchezo wana wawili wa marehemu, wadogo bado, waliingizwa katikati ya duara la wachezaji, wakaimba nao. Watu wazima wenye vifua kama milango walikuwa wanalia na kuimba kwa pamoja. Pale hapakuwa na haja ya mtu kufundishwa namna ya kusimama na wafiwa. Walikuwa wamefanya mazoezi hayo tangu 1978, kwenye mabasi, kwenye jukwaa, kwenye sebule za watu, kwa kitu ambacho wengine wangekiita upuuzi wa mpira.

Baada ya hapo walingoja. Kombe lao la mwisho hadi wakati huo lilikuwa la ligi, la mwaka 2011. Walilikosa mara nyingi katikati, mojawapo ikiwa fainali ya 2015 ambayo Foley mwenyewe aliwaongoza kama kocha. Walilipata tena tarehe 27 Mei 2023, ugenini Cape Town, 19-14 dhidi ya Stormers, jioni ya mkesha wa Pentekoste. Mtoto aliyezaliwa 2011 alikuwa amefika umri wa kipaimara bila kuona timu yake ikiinua kitu.

Nimebakiza jambo moja, na si la kupendeza. Tunapenda kumkumbuka Haruni akiwa ameshika mkono wa Musa. Lakini fungueni sura ya 24. Musa anapanda mlimani tena, na anawaachia Haruni na Huri watu wote. Huri haonekani tena akitenda jambo katika habari zinazofuata. Haruni anatajwa, katika sura ya 32, akikusanya vipuli vya dhahabu na kuwatengenezea watu ndama. Ni mikono ile ile. Kila ukoo unaye Haruni wake: aliyewahi kukulipia karo, akakupa pa kulala ulipofika mjini, kisha miaka ikapita akauza shamba la wazee bila kumwambia mtu, au akala pesa za mchango wa mama. Tukishaumizwa naye, tunafuta na yale ya kilimani.

Musa hakuyafuta. Alimkemea Haruni kwa ukali, hilo lisomeni lote, hakuficha. Lakini katika Kumbukumbu la Torati 9:20, akisimulia siku ile miaka mingi baadaye, anasema Bwana alimkasirikia Haruni kiasi cha kutaka kumwangamiza, naye akamwombea Haruni wakati huo huo. Zamu ilikuwa imegeuka. Safari hii aliyechoka mikono alikuwa Haruni, na aliyeitegemeza alikuwa Musa.

Basi mtakapopanga siku ya kukutana, iwe ni kwa fainali ya raga, ya kandanda, au kwa sababu tu kuna jogoo aliyenona, wekeni jina lake kwenye orodha. Asitandikiwe msala wa lawama mlangoni, na wala si lazima ya shamba yazungumzwe siku hiyo. Yana siku yake, na yana wazee wake. Siku hiyo mpeni kiti, mpeni sahani, na mumwambie matokeo yamefika ngapi kwa ngapi.