Kijana wa Harlem barazani kwetu Majengo

Jana magharibi nimeketi barazani, mtoto wa kaka yangu akaja na kitabu nilichomwazima wiki iliyopita. Ana miaka 16, na kitabu cha shule humlaza usingizi ukurasa wa pili. Hiki amekimaliza! Hata salamu alitoa haraka haraka. "Shangazi, hebu niambie, Steve alikuwemo au hakuwemo?"

Kitabu ni Monster cha Walter Dean Myers. Kilitoka 1999, na mwaka 2000 kikawa cha kwanza kupata Tuzo ya Printz, ya vitabu vya vijana, kule Marekani. Steve Harmon, kijana wa miaka 16 wa Harlem, mtaa wa jiji la New York, yu rumande, anashtakiwa kushiriki wizi wa dukani uliomuua mwenye duka. Kesi yake anaiandika kama mswada wa filamu, katikati akichomeka kurasa za shajara. Mistari mifupi, mazungumzo matupu. Nadhani hapo ndipo kijana wangu alinaswa.

Tulibishana mpaka adhana ya isha. Kisha akasema taratibu, "Hata hapa, ukisimama na watu fulani maskani, ushahesabiwa mmoja wao." Nikanyamaza. Sikujua kama amebeba hofu hiyo kifuani.

Sasa ataka kingine, na mimi natamani kiwe cha Kiswahili: kijana wa Kisauni au Likoni, Mombasa, matatu, foleni ya feri, lugha yao wenyewe. Mwenye kujua hadithi kama hiyo anitajie, tafadhali. Kila nikirudi kazini namkuta mlangoni aningoja.