Ndoo Moja ya Maji

Desemba 2016 mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaolewa, nami nilikuwa na vyeo viwili: matroni wa bibi harusi na mweka hazina wa kamati. Cha pili hakikunitisha, hesabu ndiyo kazi inayonilisha. Kilichoninyima usingizi ni gauni. Fundi aliponipima nilimwambia akate dogo kuliko kiuno nilichokuja nacho, maana siku ya harusi nitakuwa mtu mwingine. Alinitazama, akaandika namba, hakusema kitu.

Nilikuwa na kilo 86 na wiki sita mkononi. Asubuhi chai ya tangawizi bila sukari, mchana tikiti maji, usiku kachumbari kavu. Ugali, wali, maharage, mayai, dagaa, vyote niliviweka fungu moja la maadui. Hata kutembea jioni niliacha, kwa kuwa miguu ilikuwa haitaki. Siku ya saba nikapanda mizani ya kijana wa kituo cha daladala, shilingi 200 kupima. Ikasoma 82. Kilo 4 kwa wiki! Nilimpa 500 nikamwachia chenji.

Wiki ya sita nilikuwa na 74.

Asubuhi ya harusi nyumbani kwa mama kulikuwa na wageni wa kujaza basi, na bomba lilikauka tangu juzi. Nikaenda kwenye pipa la uani, nikachota ndoo ya lita 20, ile ile ninayojitwika tangu darasa la tano. Niliinua. Ilifika kiunoni, mikono ikaanza kutetemeka kama ya mtu mwenye homa, magoti yakalegea, nikajikuta nimekaa kwenye tope na maji yote miguuni. Shangazi zangu walikuwa wanamenya vitunguu pembeni. Mmoja akaacha kisu. “Wee mtoto, umekonda au unaumwa?” Wengine wakainamisha macho. Mnajua kwetu swali hilo lina maana gani, nami nilijua limeshaulizwa sana nikiwa sipo.

Mama hakuuliza. Alichota upya, akaweka kata kichwani, akajitwika ndoo na kuondoka nayo. Alikuwa na miaka 61.

Zipu ya gauni ilipanda bila shida. Lakini kifuani lilining'inia, mikono ilikuwa vijiti, mitulinga imechomoza, na kitambi, yule mgeni niliyemfukuza kwa wiki sita, alikuwa bado amekaa sebuleni. Nyuma ya gauni bapa, mbele duara. Fundi alilibana kwa pini huku akiwa kimya vilevile.

Januari kizunguzungu kikanipeleka kwa mtaalamu wa lishe. Nilijisifia ile wiki ya kwanza. Akanisukumia karatasi na kalamu. “Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Kilo 4 ni ngapi?” 30,800. “Tuseme mwili wako unatumia 2,000 kwa siku. Wiki nzima?” 14,000. “Basi hata usingetia kitu mdomoni, hizo nyingine ulizitoa wapi?”

Karani wangu angeniletea daftari la namna hiyo ningemrudishia mbele ya watu.

Sehemu kubwa ilikuwa maji, akaniambia. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu yake hushika karibu gramu 3 za maji. Akiba ikiisha, maji yanaondoka nayo. Baada ya hapo ubongo bado unadai sukari, na mafuta hayageuki sukari kirahisi. Protini ndiyo hugeuka, ila protini haina ghala la pembeni: ghala lake ni misuli yenyewe. Nilikuwa sili yai wala harage, na misuli sikuipa kazi yoyote. Kwa nini mwili uitunze? Mafuta nayo yalipungua, lakini si peke yake. Nilipouliza ni kilo ngapi za msuli zilizokwenda, alikataa kukisia, kwa kuwa hakuwa na kipimo changu cha kabla ya kuanza. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Ningependa kusema nilimsikiliza siku hiyo hiyo. Nilikula kwa kisasi hadi Machi, kilo zikarudi, na zilijua njia ya tumboni vizuri sana. Msusi wangu alikuwa anaokota nywele zangu kwa mafungu. Ndipo nikaanza: mayai, maharage, dagaa kila siku, na ndoo nusu uani, kuinua na kushusha, mara kumi, kupumzika, mara kumi tena. Watoto wa jirani walikuwa wananihesabia.

Juni nilikuwa na kilo 80 na ndoo nzima ilipanda kichwani. Gauni halikufunga tena. Binti wa shangazi aliliomba, nikampa, pini za fundi zikiwa bado ndani.