Kilo 268 Zililala Chini pale Kiwira

Sikuwa kwenye mwendo kasi, wala hakuna aliyenigonga. Pikipiki ilinidondoka nikienda polepole kiasi kwamba bibi yangu na mkongojo wake angenipita, akanisalimia na kuendelea na safari zake.

Nilikuwa likizo nyumbani mwezi wa saba. Nafanya kazi ghalani Leeds, na mwenzangu mmoja wa zamu, Mwingereza, alikuwa anashuka na pikipiki kutoka Nairobi kwenda Cape Town. Tukakubaliana akifika Mbeya nimchukue akalale kwetu, ale ndizi za mama badala ya chipsi za gesti. Pikipiki yake ni BMW R 1250 GS Adventure. Kwa wasioijua, ni kilo 268 tangi likijaa, na tangi lenyewe linameza lita 30. Hapo hujafunga masanduku ya pembeni, hema na vipuri. Boxer ya kijiweni haifiki nusu ya uzito huo.

Nikamwomba niiendeshe mimi, yeye apande Coaster. Nilimwambia ni kwa kuwa naijua njia. Uongo mtupu. Nilitaka kijiji kinione.

Pale Uyole nikajaza tangi hadi shingoni, na mafuta yote hayo hukaa juu, karibu na kifua cha dereva. Barabara ya Tukuyu mnaijua: unapanda hadi Isongole kwenye ukungu na baridi ya kukata masikio, viazi vimepangwa ndoo kwa ndoo pembeni, kisha unateremka kona kwa kona hadi migomba ianze. Dude kubwa likishachanganya huusikii uzito wake, maana mwendo wenyewe ndio unaolisimamisha, wewe unaliegemeza tu. Nilipita malori yanayokwenda mpaka wa Malawi nikiimba ndani ya helmeti.

Baada ya Kiwira nikapitiliza njia ya kwetu. Duka la kona lililokuwa la bluu tangu nikiwa shule ya msingi limepakwa rangi nyekundu, nikalipita kama mgeni. Ikabidi nigeuze.

Sasa kugeuza ndiko nilikofaulia Uingereza. Mtihani wa kwanza wa vitendo wa leseni ya pikipiki kubwa kule hufanyika uwanjani, kwenye koni: unapinda katikati yake, unachora nane, unakwenda taratibu kama unamsindikiza mtu, unageuza bila mguu kugusa chini. Hata kuisukuma imezimwa, kutoka kwenye boksi moja hadi jingine, kuna alama zake. Mimi nilifaulu mara ya pili. Ya kwanza mguu uligusa chini, tena kwenye kugeuza hukohuko. Mwalimu alikuwa na wimbo mmoja: usukani ukiwa umekatwa, breki ya mbele usiiguse. Tumia ya nyuma, chezea klachi, macho yaende unakotaka kwenda.

Nimekata usukani wote kulia, nimeshapita nusu ya lami, toroli la ndizi likachomoza nyuma ya Noah iliyoegeshwa. Vidole vikaikumbatia breki ya mbele vyenyewe. Mguu wa kulia ukaenda kutafuta ardhi, kumbe ukingo wa lami pale umeshuka kiganja kizima, na juu yake kuna changarawe. Chuma kikishainama kupita kiasi hukizuii, utavunjika mguu bure. Nikaachia, nikaruka pembeni kama mtu anayempisha mkwe mlangoni.

Haikupiga kishindo. Iliguna tu, ikalala.

Kijiweni ng'ambo ya barabara pakawa kimya, kisha: "Yalaaa!"

Leeds niliwahi kuidondosha yangu, ndogo kuliko hii, kwenye maegesho ya duka. Mama mmoja aliniuliza kama niko salama, wengine wakaangalia simu zao ili nisione haya. Nikainyanyua mwenyewe. Hapa kabla sijavua helmeti vijana wanane walikuwa wameshaishika. "Pole kaka, kaa pembeni."

"Subirini! Stendi kwanza!"

Nani anasikia? Stendi ya pembeni iko kushoto, na pikipiki ililalia kulia, kwa hiyo unaitoa stendi kabla ya kunyanyua ili ikisimama iwe na pa kuegemea. Wanane wakahesabu mbili, ya tatu hawakuingoja. Ikanyanyuka, ikapita wima, ikaanza kwenda kulala upande wa pili. Kijana mwenye jezi ya Simba akaiwekea bega, akapiga kelele ambayo siwezi kuiandika hapa.

Iliposimama ndipo maswali yakaja. "Hii nayo Boxer?" Nikasema ndiyo, injini ya namna hii inaitwa boxer, silinda mbili zimelala huku na huku. Hakuna aliyeamini. Wala hawakuamini kwamba mtu mmoja anaweza kuinyanyua. Wakataka niilaze tena niwaonyeshe! Nikawaonyesha kwa pikipiki yao: geuka uipe mgongo, makalio kwenye siti, mkono mmoja ushike usukani uliokatwa wote, mwingine chuma cha nyuma, kisha tembea kinyumenyume, miguu ndiyo inyanyue. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama akasema, "Kumbe Ulaya mnasomea kukalia."

Nikatoa elfu kumi, wakaikataa, wakachukua soda.

Kukagua: gadi ya kulia imekwaruzwa lakini imeilinda silinda, sanduku limebonyea, ncha ya mkono wa breki imepinda. Mafuta hayavuji. Niliwasha nikaenda kwa gia ya kwanza hadi nyumbani.

Mama alikuwa ameshasimama getini. "Umeumia wapi?" Simu ilinitangulia.

Jioni mwenye mali akashuka kwenye Coaster na mkungu aliouziwa njiani. Aliizunguka pikipiki mara moja, akachuchumaa upande wa kushoto, akanionyesha mikwaruzo niliyokuwa sijaiona: kituo cha mafuta Iringa, juzi, akiwa amesimama kabisa. Kisha akaugusa upande wangu, akasema huu ndio ulikuwa umebaki mzima.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nikamwambia anasema ndizi za huku ni nzuri.