Tiba iliyoifuata hofu nyumbani

Nimekuwa nikitafakari kwa nini tiba ya kikundi kwa njia ya mtandao imemfaa mwanangu mwenye usonji, na kila ninapolipima jambo hili naiona sababu moja kubwa: hofu zake nyingi zimo humu nyumbani, na tiba imezifuata humuhumu.

Wasiwasi ni mzigo wa watoto wengi kama yeye. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kuwa takriban asilimia 40 ya watoto na vijana wenye usonji wana angalau aina moja ya tatizo la wasiwasi. Programu ya Facing Your Fears (“Kukabili Hofu Zako”), tiba ya kikundi ya wasiwasi iliyobuniwa Marekani na Judy Reaven na wenzake, ilianza kwa kuwakutanisha watoto na wazazi ana kwa ana, kisha ikajaribiwa kwa video.

Kiini cha tiba ni kuikaribia hofu ngazi kwa ngazi. Mwanangu anaogopa blenda. Alianza kwa kutazama picha yake, akasikiliza sauti iliyorekodiwa na kupunguzwa, kisha akasimama mbali, nami nikaiwasha kwa muda mfupi aliouchagua mwenyewe, huku mwezeshaji akitufuatilia kwenye skrini. Kliniki isingekuwa na blenda hii wala jiko hili. Hata hivyo, nasisitiza kwamba hofu ya sauti na maumivu ya masikio si kitu kimoja. Mtoto ambaye sauti inamuumiza kwelikweli apewe vizibo vya masikio, wala asilazimishwe kuvumilia kwa jina la tiba.

Nawashukuru pia wawezeshaji kwa kuonyesha ratiba kwa picha mwanzoni mwa kila kikao, na kwa kuwaruhusu watoto kuzima kamera na kujibu kwa maandishi. Mtoto mwenzake wa kikundi alipoandika kwamba mabadiliko ya ghafla humfanya tumbo liume, mwanangu, ambaye ni nadra kutaja anavyojisikia, aliandika: “Hata mimi.” Mimi peke yangu nisingeweza kumpa faraja ile.

Kinachonihuzunisha ni kwamba tiba ya namna hii imechunguzwa zaidi kwa watoto wanaozungumza vizuri. Wale wasiotumia maneno nao wana wasiwasi, na wazazi wao wanastahili vikundi vilivyoandaliwa kwa ajili yao tangu mwanzo.