Punda wa Mtu Anayekuchukia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tunasoma Kutoka 23, na mstari wa tano umeniganda tangu Jumatatu. Ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, usipite zako. Saidiana na mwenyewe kumnyanyua. Wengi tukiusoma tunamfikiria jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Kwangu mimi ni maelezo ya kazi. Mimi ni daktari wa mifugo wa serikali hapa Dodoma, nasimamia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na watu wanaonichukia wana punda.

Si chuki ya kushikiana mapanga. Ni ile ya mtu kukuona unakuja mnadani, akajifanya anafunga kamba ambayo ilikwisha fungwa. Salamu zinakata. Ukitoa "Mbukwa" unajibiwa kwa guno.

Sheria yenyewe haina maajabu. Usimpige mnyama kwa ukatili, usimbebeshe kupita uwezo wake, usimsafirishe kwa kumbana, usimtese unapomchinja. Sisi tuliosomea fani hii tunafundishwa uhuru wa aina tano wa mnyama, kama kutokuwa na njaa wala maumivu, jambo lililoanzia kwenye ripoti ya kamati moja ya Uingereza mwaka 1965. Lakini sogeza kidole mpaka mstari wa 12 wa sura hiyohiyo: siku ya saba utapumzika, ili ng'ombe wako na punda wako nao wapumzike. Kumbukumbu la Torati 25:4 inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Chuoni hakuna mwalimu aliyenionyesha mistari hii, na kanisani sijawahi kusikia mahubiri juu ya mgongo wa punda.

Sasa niwasimulie ya mwaka jana, Septemba, kiangazi kimekolea. Kwenye kisima cha kijiji kimoja Wilaya ya Chamwino nilimkuta mzee na punda jike mwenye madumu manne. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji, kwa hiyo pale mgongoni palikuwa na kilo 80. Punda wetu wa kawaida ana kilo 120 mpaka 150 hivi, na mzigo wa mgongoni hautakiwi kuzidi theluthi ya uzito wake. Piga hesabu mwenyewe. Kamba ya katani ilikuwa imekata ngozi, na pale penye uti wa mgongo palikuwa na kidonda ambacho inzi walishakifanya nyumba. Punda hakulia. Punda huficha maumivu, ndiyo maana watu husema ni mvumilivu, kisha wanamwongezea.

Nikafanya kama ninavyotakiwa. Nilishusha madumu, nikamwagiza mzee asimbebeshe kitu kwa wiki tatu, nikamwandikia faini. Akasoma karatasi taratibu, halafu akaniuliza, "Mwanangu, na maji nani atabeba?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, hilo si la kwangu." Nikapanda gari la serikali. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na katoni ya maji ya chupa.

Nilirudi baada ya siku nane, kukagua tu. Punda alikuwa kivulini chini ya mbuyu, amefungwa kwa kamba ndefu, anapumzika kama nilivyoagiza. Na kwenye njia ya kisimani alikuwa anakuja mjukuu wa mzee, binti wa miaka kama kumi, dumu la lita 20 kichwani, saa ambayo wenzake wako darasani. Mzigo haukuondoka, wapendwa. Nilikuwa nimeuhamisha.

Hapo ndipo nililiona neno ambalo huwa tunaliruka katika ule mstari: pamoja naye. Mungu hakusema umwandikie mwenye punda, wala hakusema umpeleke punda kwako ukamtunze. Amesema mwinue pamoja naye, yaani mkono wako na mkono wa mtu asiyekupenda vikutane chini ya mzigo mmoja. Kwa mtu wa cheo hilo ni gumu kuliko faini.

Tulichofanya siku ile hakikuwa kikubwa. Tuliosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikapaka dawa. Tukajaza nyasi kavu kwenye magunia mawili, tukayashona kwa juu tukiacha nafasi katikati ili mzigo ukae mbavuni na uti wa mgongo usiguswe. Hayo yangetumika akishapona. Jirani mwenye mkokoteni alikubali kumletea mzee madumu manne kwa siku, naye mzee akawa anamchungia mbuzi. Binti akarudi shule. Faini mzee aliilipa, na sikuomba ifutwe.

Nalisema hilo la faini makusudi, kwa sababu kuna kosa la upande wa pili ambalo nalo nimelifanya. Usiku mmoja, karibu na Kibaigwa, tulisimamisha lori la ng'ombe linaloelekea mnada wa Pugu. Walikuwa wamebanwa mpaka pembe zinatoboana. Mmoja alikuwa ameanguka, wenzake wamemkanyaga, na waswagaji wanamsokota mkia asimame. Ilitakiwa washushwe wote, wapumzike, wanyweshwe, wapunguzwe. Dereva akaniambia ana ada ya mtoto, tajiri wake atamfukuza akichelewa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na baridi. Nikawaruhusu, na bado zaidi ya kilomita 300 mbele yao. Nikajiambia nimemhurumia binadamu mwenzangu.

Methali 12:10 ina jina la huruma ile. "Mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake," sehemu hiyo tunaipenda. Nusu ya pili inasema huruma za mwovu ni ukatili, na miaka yote nilidhani anatajwa mtu mwingine.

Jina la jiji letu nalo limetoka kwa mnyama. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji, akanasa kwenye tope, watu wakakusanyika kusema "Idodomya", amezama. Ipo simulizi nyingine, kwamba vijana waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala wote, wakachomeka mikia kwenye tope, na wenyewe walipofika wakaambiwa ng'ombe wenu wamezama. (Visingizio vya namna hiyo bado nasikia mnadani kila wiki.) Ninachokiwaza ni ile simulizi ya kwanza. Tumehifadhi jina la mahali alipozama, tumehifadhi hata neno walilosema watu waliokuwa wakitazama. Kama kuna aliyeshika kamba kumvuta, hatukusimuliwa.

Yule mzee bado hanisalimii vizuri. Mwezi uliopita nilipita pale kisimani, nikamkuta anajaza. Punda alikuwa na madumu mawili, magunia yako mahali pake, kovu limeota manyoya meupe. Mzee alinitazama, akanyoosha mkono kuelekea dumu la pili bila kusema neno. Nikalishika upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukalipandisha.

Jumamosi niko mnada wa Msalato, nimepangwa kukagua malori yanayopakia. Mniombee kuanzia saa tisa alasiri, maana jua likishuka kila mtu anakuwa na haraka, na mimi pia.